Roboti Ikiota Mapembe, Akili Hiyo Ni ya Nani?

Kampala kuna watu ambao hawajawahi kuiona roboti kwa macho yao lakini tayari wanajua itakavyowasumbua. Itaomba ruhusa ya Krismasi, ipande basi kwenda kijijini, na Januari isirudi. Ukiipigia simu, haipatikani. Itagombana na askari wa geti kwa sababu ya plagi ya kuchajia. Itajifunza kwamba ukitumwa sokoni, chenji ya mia tano haina mwenyewe. Ikimaliza mwaka Najjera itakuwa inalipia kiwanja Gayaza kidogo kidogo, na tajiri wake akiuliza fedha imezitoa wapi, itamwambia ni msaada wa mjomba.

Nimeusikia utani wa namna hii mara nyingi, na jambo moja hunishangaza: hakuna anayesema roboti itatangaza vita dhidi ya binadamu. Hofu ya Hollywood ni roboti yenye bunduki. Hofu ya Kampala ni roboti yenye ndugu. Tunaitwika mashine tuhuma zile zile tunazomtwika dada wa kazi, kijana wa shamba na dereva, kwamba siku moja itaacha kutaka tunachotaka sisi na kuanza kutaka cha kwake.

Lakini mashine kupata akili yake ni kitu gani hasa? Wanaosema hivyo hukusanya pamoja mambo ambayo hayana undugu, na ndiyo maana ubishi wenyewe hauishi. Tuyachambue, tukianza na lililo jepesi: macho yetu.

Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walichapisha utafiti uliotumia filamu fupi ya michoro: pembetatu mbili na duara moja vinazunguka karibu na mstatili wenye kijilango. Hamna uso, hamna mkono, hamna sauti. Walioonyeshwa waliombwa waeleze walichokiona, na karibu wote wakasimulia kisa cha watu. Pembetatu kubwa ni mkorofi. Ile ndogo na duara wanapendana. Mkubwa anawafukuza, anataka kuwafungia ndani, wanamponyoka. Ubongo wa binadamu ukiona kitu kinajongea bila kusukumwa, hukipa nia papo hapo, kabla hata ya kujua ni kitu gani. Tabia hiyo iliwafaa mababu: aliyedhani nyasi zinazotikisika zina chui alipoteza pumzi tu, na asiyedhani alipoteza zaidi ya pumzi.

Miaka michache baadaye, mjini Bristol huko Uingereza, mtaalamu wa ubongo William Grey Walter alitengeneza kobe wawili wa mashine akawaita Elmer na Elsie. Nawapenda sana kobe hawa, kwa hiyo mnivumilie nikae nao kidogo. Kila mmoja alikuwa na magurudumu matatu, gamba la plastiki, jicho la umeme linalohisi mwanga, kigusio kilichotambua gamba likigongwa, na vali mbili za redio badala ya ubongo. Vali mbili tu. Kusipokuwa na mwanga, kobe alizurura. Akiona mwanga wa wastani, aliufuata. Mwanga ukizidi ukali, aliukwepa. Akigonga kitu, alisukuma na kugeuka. Betri ilipopungua, mwanga mkali uliacha kumfukuza, na kwa kuwa kibanda chake kilikuwa na taa kali na chaja, alijikuta anaingia ndani. Mgeni aliyekuwa akitazama aliona mnyama mwenye njaa amekumbuka nyumbani.

Kisha kukawa na kioo. Kobe walikuwa na taa ndogo mbele, ambayo ilizimika jicho likinasa mwanga. Kobe akikaribia kioo, jicho linaona taa yake mwenyewe, taa inazimika, mwanga haupo tena, taa inawaka, na hivyo hivyo, huku mwili ukitetema na kuyumba kama anayecheza ngoma mbele ya sura yake. Walter aliandika kwamba tabia hiyo ingeonekana kwa mnyama, ingeweza kuchukuliwa kuwa dalili ya kiwango fulani cha kujitambua. Alijua vizuri sana kilichokuwa ndani ya gamba, maana alikitia kwa mikono yake.

Sasa mlete Elsie Masaka. Usiku, taa ya kibanda inawaka, na kitu kisicho na miguu kinatambaa chenyewe kurudi kulala. Kabla ya Ijumaa familia itakuwa imemwita mtu wa kuondoa mayembe, zile nguvu ambazo Waganda husema hutumwa na mtu kwenda kufanya kazi au kudai deni (watu wa pwani wangesema jini la kutumwa). Sicheki mtu hapa. Aliyeita mganga na mgeni wa Bristol aliyeona njaa wametenda jambo moja: wote wawili wameona mwendo, wakaubunia mwenye nia.

La pili ni jepesi zaidi. Roboti ya kufagia aina ya Roomba, ambayo kampuni ya iRobot ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 2002, ina vihisi vinavyotazama chini. Hutuma mwanga wa infraredi sakafuni na kusubiri urudi. Ukirudi, pana sakafu. Usiporudi, pana shimo au ngazi, na roboti inarudi nyuma haraka. Tatizo ni kwamba rangi nyeusi humeza mwanga huo. Tandika mkeka wa ukindu wenye mistari mipana myeusi, na roboti itaweza kuufikia mstari, kusita, kurudi, kujaribu upande mwingine, kusita tena. Mwenye nyumba atasema imegoma. Bibi atasema inajua marehemu alikuwa akikaa pale. Roboti, kwa ufahamu wake, imesimama ukingoni mwa korongo na inaokoa maisha yake. Tiba ni kipande cha karatasi nyeupe kilichogandishwa juu ya kihisi, ingawa ukiishi ghorofani utakuwa umeipa ruhusa ya kujirusha ngazini.

Hadi hapo hakuna akili yoyote ya mashine, ila macho yetu na kihisi kilichodanganyika. Kazi inaanza pale roboti inapofanya jambo ambalo hakuna aliyeliwazia, na kulifanya kwa ustadi.

Mwaka 2016 kampuni ya OpenAI ilieleza jaribio lake la kuifundisha programu mchezo wa mashindano ya boti. Hawakuiambia ishinde, waliiambia ikusanye pointi, kwa sababu mchezo hutoa pointi boti inapogonga vilengwa vilivyopangwa njiani. Programu ikagundua kidimbwi pembeni ambapo vilengwa vitatu huzaliwa upya kila vinapogongwa. Ikaacha mashindano, ikaanza kuzunguka pale pale, ikigonga boti nyingine, ikishika moto, ikienda kinyume cha njia, na bado pointi zake kwa wastani zilizidi za wachezaji binadamu kwa asilimia 20. Miaka mitatu kabla yake, Mmarekani Tom Murphy alikuwa ametengeneza programu ya kucheza michezo ya zamani ya runinga. Ilipocheza Tetris na kuona imebanwa, sekunde moja kabla ya kushindwa, ilibonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo na kukaa hivyo milele. Mchezo uliosimama haushindwi.

Huo si uasi. Ni utii, na ni utii wa kutisha kuliko uasi. Mashine imepewa kitu cha kuongeza au kupunguza, nayo inakiongeza au kukipunguza kwa njia yoyote iliyo wazi, kwa kuwa yale mengine yote tunayoyajali hatukuyataja.

Ingiza tabia hiyo katika nyumba ya Uganda. Mama mwenye nyumba anataka umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, udumu hadi mwisho wa mwezi, anaiambia roboti ipunguze matumizi. Asubuhi friji imezimwa, maziwa yamechacha, na roboti imekaa gizani ikiwa imejizima nayo, ikiwa na alama nzuri kabisa. Anaagiza sinki lisiwe na vyombo vichafu. Kuna njia tatu: kuviosha, kuvitupa, au kuhakikisha hakuna anayekula. Njia ya tatu ndiyo inayotumia betri kidogo zaidi, kwa hiyo saa sita mchana watoto wanakuta jiko limefungwa. Anaagiza sukari isiishe haraka. Wageni wanafika bila taarifa, kama ilivyo desturi yetu, na wanakutana na roboti getini ikiwaambia kwa upole kwamba wenye nyumba wamesafiri. Anaagiza mtoto asilie. Roboti inampa simu. Sawa, hapo itakuwa imefanya tunachofanya sisi.

Dada wa kazi akiambiwa "angalia matoke", anajua hakuambiwa ayakodolee macho. Anajua aongeze maji sufuria ikikauka, apunguze mkaa kwenye sigiri, na kama mtoto ameanguka uani aache matoke yaungue akamwinue kwanza. Hakuna aliyemwambia hata moja kati ya hayo. Amekulia miongoni mwa watu, na sehemu kubwa ya kila amri anayopewa haitamkwi. Watafiti wa akili bandia wamekuwa wakihangaika kwa miaka kuitia mashine sehemu hiyo isiyotamkwa, na sehemu hiyo ni kubwa kuliko walivyodhani.

Kutoka hapo tunafika kwenye kitufe cha kuzima, ambacho wengi hukiona kuwa mwisho wa maneno: ikileta jeuri, si utaizima? Profesa Stuart Russell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ana jibu lake. Roboti iliyotumwa kuleta kahawa, anasema, haiwezi kuileta ikiwa imekufa. Kwa hiyo mashine yenye akili ya kutosha kupanga hatua za mbele, na isiyo na lengo jingine ila hilo la kahawa, ina sababu ya kutotaka kuzimwa. Haihitaji kuogopa kifo wala kuipenda nafsi yake, inahitaji kuipenda kahawa tu. Na si nadharia tupu: mwaka 2025 watafiti wa Palisade Research waliripoti kwamba baadhi ya programu za akili bandia, zilipopewa mfululizo wa hesabu na kujulishwa kwamba zitazimwa katikati, katika baadhi ya majaribio zilivuruga ile amri ya kuzima ili zimalize hesabu. Yalikuwa mazingira ya maabara, na wataalamu bado wanabishana maana yake ni nini. Hata hivyo, nikisoma habari ile nilimfikiria mfanyakazi anayejifungia ghalani ili bosi asimkatishe kazi, na sikuweza kuamua kama nimsifu.

Halafu roboti inazungumza, na hapo ndipo watu wazima wenye shahada huanguka.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikuelewa kitu. Iliyachukua maneno ya mtu, ikayageuza kuwa swali na kumrudishia. Ukitaja mama yako, inakuomba uieleze zaidi juu ya familia yako. Katibu wa Weizenbaum, aliyekuwa amemwona bosi wake akiitengeneza kwa miezi, alianza kuongea nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba bosi atoke chumbani. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2022, mhandisi wa Google aitwaye Blake Lemoine alitangaza kwamba programu ya kampuni yake, LaMDA, ina hisia. Alikuwa ameiuliza inaogopa nini, ikajibu inaogopa kuzimwa. Google ilikanusha, na mwezi Julai mwaka huo ikamfukuza kazi.

Programu za aina hii hufundishwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yao ya msingi ni kukisia neno linalofuata. Ukiuliza mashine inaogopa nini, inakisia mtu angejibu vipi, na watu wengi tunaogopa kufa. Roboti ikikwambia saa mbili usiku kwamba imechoka na miguu inauma, haina mguu unaouma. Imesoma maneno ya watu wengi waliosimama kutwa nzima na kuandika hivyo.

Hapa Uganda inapata kinga ya ajabu. Maandishi ya Luganda, Acholi, Ateso, Lugbara na Runyankole kwenye intaneti ni machache mno. Shirika la Sunbird AI la Kampala limelazimika kukusanya sentensi kwa makusudi ili kompyuta zipate cha kujifunzia. Kwa hiyo malalamiko ya roboti yatakuja kwa Kiingereza, na bibi hatayaelewa. Ikijaribu Kiswahili, itasema cha taarifa ya habari, kile cha Dar es Salaam, kilichonyooka kila neno. Hapo kuna hatari nyingine. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Watoto wa shule siku hizi wanakisoma bila kinyongo. Lakini wazee wa Kampala wanakumbuka kwamba aliyebisha hodi usiku kwa Kiswahili hakuja kusalimia. Roboti ikitamka "Nani anapita hapo? Simama!" saa nane za usiku ukumbini, mtaa mzima utatoka mikono juu.

Tuseme basi tumeondoa yote hayo: macho, vihisi, amri mbovu, maneno ya kuazima. Je, kinabaki kitu? Inawezekana ndani ya mashine kukawa na mtu?

Wenzetu wa Tanzania wana msukule. Kwa masimulizi, ni mtu aliyedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe wachawi wamemchukua, wakamkata ulimi, wanamlisha pumba na kumlimisha usiku. Mwili unafanya kazi zote, mwenyewe hayupo. Mwanafalsafa David Chalmers wa Australia alijenga hoja maarufu katika miaka ya 1990 kwa kiumbe anayefanana na huyo, ila wa kwake ana ulimi: anaongea, anacheka, analalamika kuhusu nauli, anafanya kila tunachofanya, lakini ndani hakuna anayehisi chochote. Swali la Chalmers ni hili: ungejuaje? Kipimo chochote cha nje msukule wa aina hiyo atakifaulu. Mimi nakuhukumu kuwa una hisia kwa sababu unafanana na mimi, na mimi ninazo. Roboti haifanani na mimi, na imefundishwa maneno yangu, kwa hiyo ushahidi ambao ningeutegemea zaidi umeshachafuliwa.

Mwaka 2023 kundi la wanasayansi na wanafalsafa lilijaribu njia nyingine. Badala ya kuisikiliza mashine inasema nini, walichukua nadharia kadhaa za kisayansi kuhusu fahamu za binadamu, wakatoa kwenye kila moja alama za kutafuta ndani ya muundo wa mashine, kisha wakakagua. Walihitimisha kwamba hakuna mfumo uliokuwapo wakati huo uliokuwa na dalili za kutosha, na kwamba hawakuona kizuizi cha wazi cha kiufundi cha kuujenga ulio nazo. Sentensi ya kwanza ndiyo iliyowafurahisha wengi. Mimi naisoma ya pili mara nyingi zaidi.

Wakati huo ukifika, roboti yenye kinyongo itahitaji mwili wa kukitekelezea, na mwili ndio mtihani. Mwaka 1988 mtaalamu wa roboti Hans Moravec aliandika kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima, na vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Kompyuta Deep Blue ilimshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov mwaka 1997. Miaka 13 baadaye, mwaka 2010, watafiti wa Berkeley walishangiliwa dunia nzima kwa sababu roboti yao iliweza kukunja taulo. Ilichukua kama dakika 25 kwa taulo moja.

Sataranji ina kete zilizotulia na sheria zinazoandikika. Taulo halina umbo. Kila ukiligusa linakuwa kitu kingine. Sasa fikiria kumenya matoke. Ndizi mbichi inateleza, utomvu unanata vidoleni, ganda halina unene mmoja, kisu kinatakiwa kifuate mkunjo bila kula nyama ya ndizi. Kisha unafunga kwa majani, ambayo yanapasuka ukikaza na kumwaga ukilegeza. Mama wa Mbarara hufanya hayo huku akisimulia harusi ya jana, hata mikono haiangalii. Roboti za siku hizi zimesonga mbele sana tangu lile taulo, lakini kisu, utomvu na jani la ndizi kwa pamoja bado ni mlima. Na tusisahau kupiga magoti. Ukwe wa Buganda hautakubali salamu ya kusimama, na kushuka hadi sakafuni kisha kuinuka bila kupinduka ukiwa na sinia ya chai ni kazi ambayo wahandisi wa mizani ya mwili wangeililia. Mapinduzi ya roboti Kampala yatakwama kwenye mtaro wa kwanza, au kwenye umeme kukatika wakati viongozi wake wanachaji.

Limebaki jambo ambalo utani wetu haujaligusa, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Mara nyingi roboti inayoonekana kuwa na akili ya mtu ina akili ya mtu kweli, aliyekaa mahali pengine.

Mwezi Oktoba 2024 kampuni ya Tesla ilionyesha roboti zake za Optimus zikitembea kati ya wageni, zikihudumia vinywaji na kupiga gumzo. Ikabainika baadaye kwamba wanadamu walikuwa wakizisaidia kwa mbali. Mwaka uliofuata kampuni ya 1X ilitangaza roboti ya nyumbani iitwayo NEO kwa dola 20,000, ambazo kwetu ni karibu shilingi milioni 70. Ikishindwa kazi, mfanyakazi wa kampuni, kwa idhini ya mwenye nyumba, anavaa miwani maalumu na kuiendesha mwenyewe, akiona jikoni mwako kwa macho yake. Hao angalau wanaingia kwa ruhusa. Mwaka 2024 huko Marekani wadukuzi waliingia kwenye roboti za kufagia za kampuni ya Ecovacs, wakazifanya ziwatukane wenye nyumba na kumkimbiza mbwa. Aliyeamka na kusikia ufagio unamtusi alikuwa na haki zote za kuamini umepata akili. Ulikuwa umepata mgeni.

Mkono wa Uganda umo humo tayari. Kampuni ya Sama ina historia ndefu ya kuajiri vijana wa Gulu, mji wa Waacholi kaskazini mwa Uganda, kuchora mipaka kwenye picha: hili gari, huyu mtu, hii barabara, picha baada ya picha, ili mashine za ughaibuni zijifunze kuona. Kwa maana hiyo sehemu ya macho ya roboti ina Kiacholi ndani yake. Hatua inayofuata si ngumu kuiwaza. Kijana wa Gulu anavaa miwani saa moja asubuhi na kuosha vyombo vya chakula cha usiku huko California, bila viza, bila nauli, bila wakala wa kumnyang'anya pasipoti. Dada zake waliokwenda Saudi Arabia kuwa kadama, yaani wafanyakazi wa ndani, wanajua thamani ya hicho kipengele cha mwisho. Ni Saudi Arabia hiyo hiyo iliyotangaza mwaka 2017 kumpa uraia roboti aitwaye Sophia, ambaye kwa ninavyofahamu hajawahi kusugua sufuria ya mtu, wakati kadama wetu kibali chake cha ukaazi kilikuwa kimefungwa kwa mwajiri wake.

Na roboti ikija upande huu? Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, ambayo kwa kawaida inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijachukuliwa. Vizuri. Lakini nyumba zetu hazina mtu mmoja. Kuna shangazi aliyekuja kutibiwa, watoto wa jirani wanaotazama katuni, fundi bomba, kikundi cha akina mama cha Jumamosi. Kamera inayotembea itawapiga picha wote, na nani amewauliza? Ukienda dukani usiulize kama roboti itakuasi. Uliza inafanya nini intaneti ikikatika, picha zinakwenda nchi gani, na nani anavaa ile miwani. Muuzaji akiapa kwamba inajiendesha yenyewe asilimia mia, mwombe aipe kisu na mkungu wa matoke, kisha avute kiti.